Mforsadi, Wavu na Popo wa Sydney

Mtaani anakokaa binti yangu huko Sydney, Australia, adhana haisikiki nje ya msikiti. Misikiti yenyewe ipo, tena mikubwa. Ule wa Lakemba, uliofunguliwa mwaka 1977, siku za Idi watu hujaa hadi njiani. Lakini sauti ya mwadhini haivuki ukuta. Na mtu kama mimi, niliyezaliwa na kukulia Mji wa Kale wa Mombasa, ambako ukiikosa adhana ya Msikiti wa Mandhry utaisikia ya Basheikh, nilijiona kama nahodha aliyepoteza dira. Saa ya mkononi ninayo, lakini saa si adhana.

Jioni ya tano au ya sita tangu tufike, nilikuwa uani natia udhu kwenye mfereji wa bustani. Jua lilikuwa limeshazama. Nikainua uso kutazama mbingu, nikaona kitu cheusi kinapita juu ya paa, kikubwa kama kipanga, lakini kinapiga mabawa polepole kama mtu apigaye kasia. Nyuma yake kikaja kingine, kisha vitano, kisha nikashindwa kuhesabu. Mbingu nzima ikawa inapitiwa, bila kelele, wote wakielekea upande mmoja kama watu watokao kiwandani.

“Ni popo hao, babu,” akaniambia mjukuu wangu, kijana wa miaka minane, kama mtu anayemjulisha mgeni majirani zake. “Wanakwenda kula.”

Tangu siku hiyo adhana yangu ya Maghribi ikawa ni popo. Nikiwaona tu najua wakati umeshaingia, tena umeingia kitambo kidogo, nami niharakishe. Mwezi wa Novemba jua la huko huzama kama saa mbili kasorobo usiku, jambo ambalo mke wangu hakulizoea mpaka tuliporudi nyumbani.

Tuliondoka Mombasa Septemba 2023, mimi na yeye, kwa sababu binti yetu alikuwa karibu kujifungua mtoto wa pili na mamake hakukubali mwanawe akae arubaini peke yake ugenini. Mimi nilifuata tu. Mwalimu mstaafu hana kazi nyingine ila kufuatana na mkewe. Nilipokuwa safarini nilidhani ninakwenda kuona kangaruu. Ndugu msomaji, miezi minne niliyokaa huko kangaruu sikumwona ila katika picha. Niliowaona kila siku, asubuhi hadi usiku, mlangoni, juu ya waya, katika pipa la taka na hata katika sahani yangu, ni ndege na popo.

Wa kwanza kunikaribisha alinikaribisha kwa kipigo. Kuna ndege huko aitwaye magpai, mweusi mwenye mabaka meupe. Ukimtazama kwa mbali utasema ni yule kunguru wetu wa shingo nyeupe, lakini sauti yake ni nzuri mno, kama mtu apulizaye filimbi mbili kwa pamoja. Kuanzia Agosti hadi Oktoba huwa na mayai na makinda, na hapo baadhi ya madume hugeuka askari. Mimi nilikuwa nikimpeleka mjukuu shule, nimevaa kofia yangu ya viua, mara nikasikia upepo shingoni na kitu kikanigonga kisogoni. Kofia ikaruka. Nikageuka, hapana mtu. Nikainama kuiokota, akanirudia.

Watoto wa shule walicheka, na mjukuu wangu akaona haya kwa niaba yangu. Baadaye nilifahamishwa kwamba madume wengi hawana neno na mtu, ni wachache tu wanaoshambulia, na kwamba ndege huyo hukariri nyuso. Akikuweka katika daftari lake la maadui, hata mwakani atakukumbuka. Na akikujua kuwa ni mtu mwema atakuacha upite. Waendesha baiskeli wa huko huchomeka vijiti vya plastiki katika helmeti zao hata wakaonekana kama nungu. Mimi nilibeba mwavuli. Nilitembea na mwavuli wiki tatu katika jua kali, na naamini mtaa mzima ulinijua kwa mwavuli huo.

Kasuku weupe nao wana visa vyao. Hawa ni wakubwa kama kuku mdogo, wana kishungi cha manjano kichwani wanachokisimamisha wakikasirika, na sauti yao ni kama bati linalopasuliwa. Wamejifunza kufungua mapipa ya taka. Kasuku hukishika kifuniko kwa mdomo, hukiinua, kisha hutembea ukingoni huku akikisukuma mpaka kinageuka na kuanguka nyuma. Wataalamu walioufuatilia mchezo huo waliandika mwaka 2021 kwamba kabla ya 2018 ulijulikana katika mitaa 3 tu ya Sydney, na kufikia mwisho wa 2019 ulikuwa umefika mitaa 44. Maana yake kasuku hawakuzaliwa na ujuzi huo, wanafundishana. Watu wakaanza kuweka matofali juu ya vifuniko. Kasuku wakajifunza kuyasukuma. Jirani yetu alikuwa akifunga pipa lake kwa kamba na fundo la namna yake, na kila Jumanne asubuhi alisimama dirishani kuangalia nani kashinda.

Kwarara weupe wenye vichwa vyeusi visivyo na manyoya, hao wameitwa kuku wa mapipa, na wenyeji huwasema vibaya. Lakini walikuwa ndege wa mabwawa ya bara. Tangu miaka ya 1970 walianza kuhamia miji ya pwani kwa sababu mabwawa yao yalikuwa yakikauka na maji yake kuvutwa kwa kilimo. Wamekuja mjini kutafuta riziki, kama wengi wetu.

Siwezi kumpita kukabara. Huyu ni ndugu wa mdiria wetu, ila mnene, kichwa kikubwa, na kazi yake ni kucheka. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, huanza mmoja kwa kikohozi, wakaingia wawili watatu, mpaka mti mzima unaangua kicheko kama wanawake jikoni siku ya arusi. Nilikuwa nikitoa salamu ya sala ya asubuhi ndipo waanzapo. Jumapili moja mkwe wangu alichoma mishkaki uani. Kukabara akatua juu ya ua, akatulia kama sanamu, hata tukamsahau. Mimi nilikuwa nimeshika mshikaki mkononi, naongea. Kumbe ni kosa kuongea. Alipita mbele ya pua yangu na pande la nyama likaenda naye, akaenda kulipiga-piga kwenye tawi, kama afanyavyo kwa nyoka, ili life kabla ya kulimeza.

Nilipokuwa nikivitazama vituko hivi, moyo ulikuwa ukinirudisha kwa kunguru wetu. Kunguru wa Mombasa naye huiba, naye hufungua mapipa, naye ana akili. Lakini yule ni mgeni. Asili yake ni Bara Hindi; aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ale taka, kisha akasambaa pwani yote akila makinda na mayai ya ndege wetu, hata mwaka 2024 serikali ikatangaza azma ya kuwaua milioni moja. Kule Sydney hesabu ni kinyume. Ndege niliowataja wote ni wenyeji. Mji ndio mgeni. Sheria inawalinda, na mtu haruhusiwi kumpiga magpai mawe hata akimchana kisogo. Nilipomuuliza jirani kwa nini wanavumilia, hakunihubiria. Alisema tu kwamba wao walikuwapo mwanzo.

Kisa cha mke wangu na bundi nitakieleza kwa ufupi, maana aliniomba nisikieleze kabisa. Katika mkaratusi ulio mbele ya nyumba paliota tawi lililokatika. Siku ya tatu tawi likafungua macho, makubwa ya manjano. Mke wangu alikuwa na kichanga mikononi. Alirudi ndani, akafunga madirisha, akafukiza ubani vyumba vyote, akasema, “Hapa kuna bundi anamtazama mtoto. Mimi hapa silali.” Sisi watu wa pwani tunajua maana ya maneno hayo, bundi na mpasuasanda hawatajwi penye mtoto mchanga.

Mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Lamu na ana adabu na mama mkwe wake, alimngoja atulie, kisha akamweleza. Yule si bundi. Ni ndege mwingine wa usiku, mwenye mdomo mpana kama wa chura, ambaye mchana hujinyoosha akafanana na gome la mti. Hapo alikuwa amelalia mayai. Na anayelalia mayai mchana, akamwambia, si jike. Ni dume.

“Baba ndiye mlezi?” mke wangu akauliza.

“Ndiyo, mama. Mchana kutwa hapo.”

Akanitazama mimi kwa jicho nisilolipenda. Tangu siku hiyo madirisha yakafunguliwa, na kila asubuhi alikuwa akichungulia kumwangalia yule baba kama bado yupo kazini.

Sasa nirudi kwa popo, maana hao ndio walionitoa machozi.

Popo wale si hawa wetu wa darini na katika magofu. Akikunjua mabawa, toka ncha hadi ncha ni kama mita moja, na uzito wake hufika kilo. Uso ni wa mbweha mdogo, mwili una manyoya ya kijivu, na shingoni ana manyoya ya rangi ya kutu kama aliyejifunga shali. Jamii yao haipatikani bara la Afrika, lakini ipo visiwani kwetu: Pemba wana popo wao wa kifani hicho, na wanakijiji wa Kidike wanawalinda, Mafia na Ngazija vilevile. Ukimwambia Mpemba habari za popo wa Sydney hatashangaa sana.

Wa mtaa wa binti yangu hulala mchana katika miti ya kando ya kijito kiitwacho Wolli Creek, karibu na kituo cha treni cha Turrella. Hapo huning'inia kwa maelfu, wakigombana na kujipepea kwa mabawa. Usiku husafiri, wengine hata kilomita hamsini, wakila maua na matunda, na katika safari hizo huchukua chavua ya mikaratusi toka msitu hadi msitu. Maua ya mikaratusi mingi hupokea chavua vizuri zaidi usiku, na wanaoitembelea usiku kwa mwendo mrefu namna hiyo ni popo.

Wasomaji wasidhani kwamba kila mtu huko anawapenda. Wana harufu, wana kelele, na kinyesi chao huharibu rangi ya magari. Mwaka 2012 walifukuzwa katika bustani kubwa ya serikali katikati ya mji kwa kupigiwa makelele, kwa kuwa walikuwa wakiivunja miti ya kale. Wengine wao huuawa na joto. Novemba 2018, huko Cairns upande wa kaskazini, popo wa aina nyingine, wenye duara kama miwani machoni, walianguka na kufa kama 23,000 kwa siku mbili za joto kali. Na hawa si kama panya. Jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, na wiki tatu za mwanzo huenda naye kila aendako, mtoto kajibana kifuani, kinywa kwenye chuchu.

Na pana jambo jingine, ambalo mjukuu wangu alinifundisha siku ile ile ya udhu. Alisema mwalimu wake amewaambia: popo haguswi. Ukimkuta ameanguka, ita mtu mkubwa, na mtu mkubwa naye asimguse, apige simu. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu mkubwa wa kutosha.

Nyuma ya nyumba pana mforsadi. Tulipofika ulikuwa unachipua. Ilipoingia Novemba ukawa umejaa forsadi nyeusi, tamu, zinazopaka mikono wino. Mimi nilikuwa sijala forsadi tangu ujana. Nikaufanya mti ule wangu: nikaumwagilia, nikaupalilia, nikamwahidi binti yangu jamu. Basi kila asubuhi nikakuta matawi ya juu yamenyonywa na makapi yametapakaa chini. Niliwajua wezi wangu.

Marehemu babangu alikuwa mvuvi, na mimi nyavu nazijua toka utotoni. Nilikwenda dukani nikanunua wavu wa bei rahisi, mweusi, mwembamba, wa matundu ya kupita vidole viwili. Nikautandaza juu ya mti nikiulegeza kidogo, kama mtu ategaye jarife. Kazi ilinipendeza. Mkwe wangu aliporudi kazini jioni aliutazama kwa muda.

“Mzee, matundu haya ni makubwa. Usiku popo hauoni wavu huu, atanasa.”

Akaniambia kwamba wavu wa kufaa ni ule ambao hata kidole cha mtoto hakipiti, na kwamba katika jimbo la jirani, Victoria, tangu 2021 ni kosa kufunika mti wa nyumbani kwa wavu wa matundu yaliyozidi milimita 5. Nikamwambia nimemsikia, kesho nitautoa. Giza lilikuwa linaingia, na ngazi nilikuwa nimesharudisha kwa jirani.

Saa kumi alfajiri niliamka kwa ajili ya sala. Nikasikia sauti uani, si ya ndege. Kama mlango mdogo unaolia bawabani. Nilitoka na kurunzi, miguu mitupu. Alikuwa katikati ya mti, amejiviringa katika wavu mara nyingi, bawa moja limefungwa juu ya kichwa. Akanitazama. Macho yao yanatazama kama ya mtu, jambo hilo hakuna aliyenitahadharisha nalo. Kifuani pake, chini ya kwapa, palikuwa na kitu cha ukubwa wa embe dogo chenye masikio. Kilichokuwa kikilia ni hicho.

Nilikwenda jikoni nikaleta mkasi. Sikumwamsha mtu. Nilijua nilichoambiwa, lakini niliona ni aibu kumwamsha mkwe wangu aje kutazama alichonikanya. Nikashika wavu kwa mkono wa kushoto, nikakata nyuzi mbili tatu. Akajigeuza. Kidole chake cha bawa, chenye kucha kama ndoana, kikapita juu ya dole gumba langu.

“Babu! Usimguse!”

Mjukuu alikuwa amesimama mlangoni na nguo za kulalia. Dole lilikuwa na mstari mmoja mwembamba, na damu matone mawili matatu. Nikalifuta kwa kikoi.

Mkwe wangu alipiga simu kwa watu wanaojitolea kuokoa popo. Kabla ya jua kuchomoza akaja mama mmoja mtu mzima, na glavu nene za ngozi, taulo na sanduku. Hao hawaruhusiwi kumshika popo mpaka wawe wamechanjwa. Jambo la kwanza aliuliza, kabla hata ya kuuangalia mti, ni kama kuna mtu aliyemgusa.

“Hakuna,” nikasema.

Nieleze kwa nini nilisema hivyo. Sikuogopa sindano. Siku chache nyuma, tulipokuwa tukiwatazama popo wakitoka, mkwe wangu alinieleza sheria ya mambo yale: popo aliyemkwaruza au kumuuma mtu huuawa, ubongo wake ukapimwe. Kuna virusi, ndugu wa virusi vya kichaa cha mbwa, vilivyogunduliwa Australia mwaka 1996. Popo walio navyo porini ni wachache, chini ya mmoja katika mia. Lakini popo mgonjwa au aliyeumia ana uwezekano zaidi, na mtu akishaanza kuumwa hana dawa. Hadi mwaka ule wa 2023 walikuwa wamekufa watu watatu, mmoja wao mtoto wa miaka minane, mwaka 2013. Umri wa mjukuu wangu.

Yote hayo niliyajua, na bado nikasema hakuna. Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkunjo wa kikoi.

Yule mama alifanya kazi yake kwa upole mno. Alimfunika popo kichwa kwa taulo, akakata wavu uzi kwa uzi, akamkagua bawa kwa taa. Akasema limechanika kidogo pembeni, litapona, baada ya wiki chache ataruka, na mtoto hajambo kabisa. Akawaweka sandukuni pamoja. Mke wangu akamshukuru kwa Kiswahili. Yule mama akabeba sanduku lake kuelekea garini.

Mjukuu hakusema neno. Alikuwa ananitazama mkono.

Nimefundisha watoto miaka thelathini na moja. Nimewasimamisha wengi mbele ya darasa kwa uongo mdogo kuliko ule. Na pale nikaona nini kingefuata: mtoto yule atakua akijua kwamba babu alidanganya, na huenda akajua vilevile kwamba babu alikufa kwa hilo, na yule mama atamlea popo nyumbani kwake bila kuelezwa kwamba amemwaga damu ya mtu. Nikamfuata hadi njiani. Nikamwonyesha dole.

Hakunikaripia. Ingekuwa afadhali angenikaripia. Aliketi ukingoni mwa gari, sanduku mapajani, akalifunika kwa mikono yote miwili. Baadaye akasema, “Ungeniita kwanza, wangeruka wote wawili.” Akamtenga mtoto na mama yake hapo hapo, kwa taulo jingine. Sauti niliyoisikia sitaieleza.

Mengine ni ya hospitali. Binti yangu alinisimamisha kwenye mfereji nikaosha dole kwa sabuni dakika kumi na tano kwa saa, kisha tukaenda. Nilidungwa dawa ya kinga kuzunguka mkwaruzo, na hiyo inauma, halafu chanjo begani. Chanjo yenyewe ni ile ile ya kichaa cha mbwa tunayoijua kwetu, kwa zamu nne katika wiki mbili. Mimi nilipata mbili tu. Kabla ya ya tatu daktari alipiga simu: popo amepimwa, hana kitu, nisirudi tena.

Binti yangu alisema alhamdulillahi akalia. Nami nilisema alhamdulillahi. Kisha nikatoka uani nikakaa chini ya mforsadi, kwa sababu nilikuwa nimeelewa kwamba yule popo alikuwa mzima. Hakuwa na ugonjwa, bawa lake lingepona, na alikuwa na mtoto wa kunyonyesha. Hakuuawa na wavu. Aliuawa na mkono wangu uliotaka kumsaidia.

Wavu niliukatakata vipande vidogo kabla ya kuutia pipani, ili kasuku wasije wakauvuta njiani na kumnasa mwingine. Forsadi zilizobaki niliwaachia wenyewe. Jamu ilikuwa ya dukani.

Mtoto wa popo alilelewa na yule mama. Alituletea picha katika simu ya mkwe wangu: amezungushiwa kitambaa kama kichanga wetu, kinywani ana chuchu ya mpira, macho yote mawili yanatazama kamera. Wanyweshwa maziwa kwa chupa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, kisha wakikua huwekwa yatima kwa yatima katika tundu kubwa wajifunze kuruka, na mwishowe huachiwa karibu na popo wa porini. Sisi tuliondoka Januari 2024, yeye akiwa bado tunduni. Mjukuu ndiye aliyenipa habari kwa simu, Machi, kwamba tundu limefunguliwa.

Sasa niko Mombasa. Adhana ninazo zote. Jioni popo wetu wadogo hutoka penye mkungu wa jirani, na asubuhi naokota kungu walizotafuna, zimetapakaa barazani. Julai 2025 binti yangu alipiga simu kunieleza kwamba mtu wa nne amekufa, safari hii katika jimbo lao lenyewe la New South Wales. Alikuwa ameumwa na popo miezi kadhaa kabla. Tulizungumza kidogo, kisha mjukuu akachukua simu akataka kuniona. Ameshakuwa mrefu. Akaniambia nimwonyeshe dole.

Nikaliweka mbele ya kamera, nikaligeuza huku na huku penye mwangaza. Mimi kovu silioni tena. Mke wangu asema lipo.